Mwenyekiti wa Chama Aliyepandisha Timu ya Watu wa Viwandani



Ukurasa huu wa Kiswahili kwa kawaida hueleza mishahara, likizo, ajali za kazini na sheria. Safari hii unaeleza mpira wa miguu. Asiwepo mtu wa kusema kwamba mwandishi ameishiwa na habari. Mpira ninaoueleza hapa ulianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda, na mtu aliyeukuza alitokea katika chama cha wafanyakazi kama hiki chetu.

Hapa Kuluva, kwenye barabara ya Arua kwenda Nebbi, ukiitisha mkutano wa tawi Jumamosi alasiri utakaa peke yako na kitabu chako cha mahudhurio. Vijana wote wako kwenye vibanda vya video wakitazama ligi ya Uingereza. Wanajua jina la kila beki wa Arsenal na wa Manchester United, na wanajua mshahara wake kwa wiki. Ukiwauliza nani alifanya mchezaji mpira aweze kudai mshahara kama huo, wanasema televisheni. Pesa ya televisheni ilikuja baadaye. Kwanza mlango ulifunguliwa na chama, na aliyekuwa ameshika ufunguo aliitwa Jimmy Hill. Miaka sita baadaye mtu huyo huyo aliipandisha timu ya mji wa viwanda, Coventry City, kutoka daraja la pili kwenda la kwanza. Msimu wenyewe ni ule wa 1966-67.

MJI WA BAISKELI NA MATREKTA

Coventry uko katikati ya Uingereza. Usiseme huujui, kwa maana umeupanda. Baiskeli hii tunayobebea mkaa na mihogo kwenda soko la Arua, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake huko Coventry mwaka 1885, katika karakana ya John Kemp Starley. Kabla ya hapo gurudumu la mbele lilikuwa kubwa kama la gari la ng'ombe na la nyuma dogo, na aliyeanguka alianguka kutoka juu.

Mji ule ukajaa viwanda vya baiskeli. Kimoja kiliitwa Singer. Mwaka 1883 wafanyakazi wa Singer walianzisha timu yao, ikaitwa Singers F.C. Mwaka 1898 ikabadilishwa jina ikawa Coventry City, na mwaka uliofuata ikahamia uwanja wa Highfield Road. Kwa hiyo timu hii haikuanzishwa na tajiri yeyote. Walioianzisha ni watu wa kukaza nati.

Baada ya baiskeli yakaja magari. Jaguar, Standard, Triumph, Hillman, Humber, yote haya yaliundwa Coventry. Ndiyo sababu wakati wa vita vya pili vya dunia ndege za Kijerumani ziliushambulia mji ule usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, zikaua zaidi ya watu 500 na kulichoma kanisa kuu. Vita vilipokwisha, kiwanda cha Banner Lane kilichokuwa kikitengeneza injini za ndege kikaanza mwaka 1946 kutengeneza matrekta madogo ya kijivu ya Ferguson. Baadaye yakaitwa Massey Ferguson, yakapakwa rangi nyekundu. Ndugu zangu wa mashamba ya miwa na ya chai mnayajua. Mtu aliyefunga boliti za trekta la namna hiyo siku ya Ijumaa, Jumamosi alikuwa amesimama Highfield Road akipiga kelele.

DARAJA LA PILI NI KITU GANI

Wengi wetu tulilielewa jambo hili vizuri mwaka 2016, wakati Onduparaka ya hapa Arua ilipopanda kuingia ligi kuu ya Uganda. Kabla ya mwaka ule ilicheza ligi ya pili, na magazeti ya Kampala hayakuwa na haja nayo. Ilipopanda, Green Light ikajaa, na timu kubwa zikalazimika kufunga safari kuvuka Nile kuja kwetu. Tumeonja kupanda. Na kushuka pia tumekuonja.

Uingereza ya 1966 ilikuwa na timu 92 katika madaraja manne. Daraja la pili lilikuwa na timu 22. Kila timu ilicheza na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, jumla michezo 42. Ukishinda unapata pointi mbili, ukitoka sare pointi moja. Mwisho wa msimu timu mbili za juu zinapanda, mbili za chini zinashuka. Hakukuwa na michezo ya ziada ya kumpa wa tatu nafasi nyingine. Ukiwa wa tatu umekosa, rudi nyumbani ukasubiri mwaka mwingine.

Coventry waliyajua maumivu hayo. Msimu wa 1965-66 walikuwa wa tatu wakiwa na pointi 53. Southampton walipata 54 wakapanda. Pointi moja tu!

Na daraja la pili halikuwa mahali pa kulala. Northampton Town walipanda kutoka daraja la nne mpaka la kwanza katika muda wa miaka michache, wakakaa huko msimu mmoja, wakaanza kuanguka. Msimu huu ninaoueleza walishuka kutoka la pili kwenda la tatu, na kabla ya miaka kumi hiyo kwisha walikuwa wamerudi la nne walikotoka. Nawataja kwa sababu wako watu wanaodhani ukipanda umepanda.

MSHAHARA ULIOFUNGWA KWA SHERIA

Sasa tuje kwenye chama, maana bila hili msimu wa Coventry hauelezeki.

Kuanzia mwaka 1901 wenye timu za Uingereza waliafikiana kwamba hakuna mchezaji atakayelipwa zaidi ya paundi 4 kwa wiki. Sisi hapa Uganda tunadai kima cha chini cha mshahara. Kilichowekwa kwa sheria mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada mpya Bunge lilipoupitisha mwaka 2019 Rais hakuutia sahihi. Wachezaji wa Uingereza walikuwa na shida ya upande mwingine. Wao waliwekewa kima cha juu. Hata uwe hodari kiasi gani, hata watu 50,000 walipe kiingilio kukutazama wewe, mshahara wako hauvuki mstari. Miaka sitini baadaye, mwaka 1960, mstari ulikuwa umesogea mpaka paundi 20 kwa wiki wakati wa msimu na 17 wakati wa kiangazi ambapo hakuna michezo. Pesa za kiingilio zilibaki wapi? Kila mfanyakazi anayelijua shamba lake anaweza kujibu.

Lililokuwa baya zaidi lilikuwa jambo la pili. Mchezaji aliandikishwa kwa timu, na karatasi ya uandikishaji ilikaa kwa mwajiri. Mkataba ukiisha, timu ilikuwa na haki ya kuendelea kuishika karatasi ile. Asingeweza kwenda kucheza kwingine, na timu haikulazimika hata kumlipa. Wazee wa Kenya watakumbuka kipande, namna mfanyakazi alivyoshindwa kupata kazi kwa bwana mpya mpaka bwana wa zamani atie sahihi kwamba amemwachilia. Mchezaji wa Kiingereza, mzungu katika nchi yake mwenyewe, alikuwa na kipande chake.

Chama chao kilianzishwa Manchester mwaka 1907. Mwaka 1909 wakuu wa mpira waliwaamuru wachezaji wote wajitoe katika chama la sivyo wafungiwe. Wengi walijitoa. Wachezaji wa Manchester United walikataa, wakaendelea kufanya mazoezi peke yao wakijiita Waliofukuzwa. Chama kikaokoka, lakini kikaishi kwa unyonge miaka mingi.

Mwaka 1957 uenyekiti ukashikwa na Jimmy Hill, mchezaji wa Fulham ya London, mzaliwa wa 1928. Alikuwa mrefu, mwenye kidevu kirefu na ndevu, wakati ambapo wachezaji hawakufuga ndevu. Hakuwa fundi mkubwa wa mpira. Alikuwa fundi wa kusema na wa kupanga, na alikuwa na katibu wa kutegemewa, Cliff Lloyd, aliyeyajua mafaili yote. Wenzangu wa matawi wananielewa: mwenyekiti msemaji bila katibu mwenye mafaili ni redio tu.

Hill alizunguka nchi akiwakutanisha wachezaji. Hadithi moja ya mikutano ile inasimuliwa mpaka leo. Huko Manchester mchezaji mmoja alisimama akasema baba yake ni mchimba makaa ya mawe na hapati hata nusu ya paundi 20, kwa hiyo yeye anaona aibu kudai zaidi. Ukumbi ukanyamaza, kwa sababu neno lile lilikuwa na uzito. Ndipo akasimama Tommy Banks, beki wa Bolton, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi mgodini. Akamjibu kwamba anaiheshimu kazi ya mzee wake, anaijua, lakini mzee wake hajawahi kupewa kazi ya kumzuia Stanley Matthews mbele ya watu 30,000 waliolipa. Watu wakacheka, na kura zikaenda upande wa chama.

Nimekaa sana juu ya hadithi hii kwa sababu maneno ya yule wa kwanza nayasikia katika kila mkutano. Mtu anasema, jirani yangu anapata kidogo kuliko mimi, nitadai vipi? Hoja hiyo inamfurahisha mwajiri tu. Umaskini wa mchimba makaa haukupungua kwa sababu mchezaji alilipwa kidogo.

Wachezaji karibu wote waliopiga kura wakakubali kugoma. Siku ikapangwa, Jumamosi tarehe 21 Januari 1961. Wizara ya Kazi ikaingia kusuluhisha. Tarehe 18 Januari, siku tatu kabla ya mgomo, wenye timu wakakubali kuondoa kima cha juu. Mgomo haukufanyika. Muda si mrefu Fulham ikampa nahodha wake Johnny Haynes paundi 100 kwa wiki, mara tano ya ule mstari wa zamani.

Lakini juu ya lile jambo la pili, la kipande, wenye timu walipokwisha kurudi nyumbani waligeuka. Kilichokubaliwa mezani wakakikataa kwenye kikao chao wenyewe. Chama kikaenda mahakamani kumsaidia mchezaji George Eastham, ambaye Newcastle ilikuwa imekataa kumwachia. Ugomvi wake ulihusu pamoja na mengine nyumba aliyopewa na timu, ambayo alisema haikufaa kukaa. Watu wa makambi ya mashamba, mwasikia? Mwaka 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba utaratibu ule ulimzuia mtu kutafuta riziki yake kinyume cha haki. Yaani ushindi wa mezani ulikuja Januari 1961, na nusu yake nyingine ikaja baada ya zaidi ya miaka miwili, kwa gharama za mawakili. Asiyeweka makubaliano katika maandishi siku ile ile ajiandae kwa safari kama hiyo.

MWENYEKITI ANAKUWA BWANA MKUBWA

Mwaka huo huo wa 1961 Hill aliacha kucheza. Tarehe 25 Novemba Coventry City, ambayo ilikuwa daraja la tatu, ilifungwa 2-1 nyumbani kwake na King's Lynn, timu ambayo haikuwamo hata katika madaraja manne. Aibu ilikuwa kubwa. Mwenyekiti wa klabu, Derrick Robins, akamwondoa meneja na kumwita Hill.

Hapa msomaji atauliza, na ni haki aulize. Tumezoea kuona mwenyekiti wa tawi aliyekuwa mkali akipewa ofisi na kiti cha kuzunguka, na kuanzia siku hiyo hatumsikii. Mimi mwenyewe nilifanya kazi mahali ambapo mwakilishi wetu aliitwa Jumatatu akafanywa msimamizi, na Jumatano alikuwa anaandika majina ya waliochelewa. Je, Hill alifanya hivyo?

Nijuavyo mimi, jibu ni nusu kwa nusu. Alikuwa mwajiri kweli, mwenye kununua na kuuza watu. George Hudson, mfungaji aliyependwa sana na watu wa Coventry, aliuzwa kwa Northampton mwaka 1966 na mashabiki wakanung'unika. Kiungo Ian Gibson alinunuliwa kutoka Middlesbrough kwa zaidi ya paundi 57,000, akakosana na Hill mwanzoni mwa msimu ule ule, akawekwa nje ya timu. Baadaye wakapatana, Gibson akarudi, na aliporudi timu ikaanza kwenda. Mimi naona kwamba mtu aliyewahi kukaa upande wa wafanyakazi mezani angalau alijua kupatana. Bwana mwingine angemwacha aoze kwenye benchi ili awe mfano kwa wengine.

Kwa upande wa mashabiki alifanya mambo ambayo hayakuwahi kuonekana. Aliivisha timu jezi za rangi ya samawati ya anga kuanzia 1962, ndipo wakaitwa Samawati ya Anga mpaka leo. Alikuwa mmoja wa watunzi wa wimbo wa timu. Alikodi treni za mashabiki za kwenda ugenini. Watoto waliitwa uwanjani wakapewa soda na kuonana na wachezaji. Oktoba 1965 Coventry walipokwenda kucheza Cardiff, huko Wales, picha zililetwa kwa waya mpaka Highfield Road na kuonyeshwa kwenye skrini kubwa, na watu zaidi ya 10,000 wakaja kutazama uwanja usio na wachezaji. Basi yule kijana wa kibanda cha video Kuluva asidhani ameanzisha jambo.

Mfanyakazi wa kiwanda cha magari alikuwa na Jumamosi moja kwa wiki. Hill alielewa kwamba mtu huyo anataka kuheshimiwa siku hiyo, apate choo safi, chai ya moto, na mtu wa kumwambia kwa kipaza sauti ni nini kinaendelea. Mambo madogo, lakini tunayajua mambo madogo ya kazini yanavyouma.

Msimu wa 1963-64 Coventry wakawa mabingwa wa daraja la tatu. Walikuwa sawa kwa pointi na Crystal Palace, 60 kwa 60, wakashinda kwa hesabu ya magoli. Wakaingia la pili.

MSIMU WENYEWE

Msimu wa 1966-67 ulianza wiki chache tu baada ya Uingereza kuchukua Kombe la Dunia, na nchi nzima ilikuwa na homa ya mpira.

Golini alikuwa Bill Glazier, aliyenunuliwa mwaka 1964 kwa paundi 35,000, bei ambayo hakuna golikipa aliyewahi kununuliwa nayo Uingereza wakati huo. Nahodha alikuwa George Curtis, beki wa katikati, mtu wa chuma. Pembeni Ronnie Rees kutoka Wales. Katikati Ernie Machin na huyo Gibson. Mbele, mahali alipokuwa Hudson, aliwekwa Bobby Gould, kijana wa miaka 20 mzaliwa wa Coventry. Walionung'unika juu ya Hudson walinyamaza polepole, kwa sababu Gould alifunga magoli 24 ya ligi.

Mpaka Novemba hawakuwa wa kutisha. Kisha kuanzia mwisho wa mwezi ule hawakufungwa tena. Michezo 25 ya ligi mfululizo, kutoka Novemba mpaka Mei, kipindi chote cha baridi na matope, hakuna aliyewashinda. Sare zilikuwa nyingi, na mtu wa haraka atasema sare si kitu. Katika ligi ya pointi mbili sare ilikuwa nusu ya ushindi, na walioielewa hesabu hiyo walikwenda mbali.

Aliyewakimbiza alikuwa Wolverhampton Wanderers, au Wolves, jirani wa kilomita zisizofika 60. Nao ni mji wa viwanda, watu wa chuma na kufuli. Walikuwa wamekuwa mabingwa wa nchi mara tatu katika miaka ya hamsini, kwa hiyo daraja la pili waliliona kama jela.

Timu hizo mbili zilikutana Highfield Road tarehe 29 Aprili 1967. Watu walioingia kwa tiketi walikuwa 51,455, idadi ambayo uwanja ule haukuiona kabla wala baada. Hapakuwa na nafasi. Watu walikaa chini kandokando ya mstari wa uwanja kabisa, wengine wakapanda juu ya paa. Ukitupa mpira wa pembeni unakanyaga miguu ya mtu. Kwa nyakati zetu hizi mkuu wa polisi angefunga mchezo, na angefanya vizuri. Siku ile ilipita salama, kwa bahati zaidi kuliko kwa mpango.

Wolves wakatangulia kufunga kwa Peter Knowles. Uwanja ukapoa. Kipindi cha pili Machin akasawazisha, na watu wakamiminika uwanjani kwa furaha, ikabidi waondolewe. Gibson, yule aliyekuwa amewekwa nje, akafunga la pili. Rees akafunga la tatu. 3-1.

Lakini ubingwa ulikuwa bado. Mpaka siku ya mwisho ya msimu, tarehe 13 Mei, Wolves walikuwa mbele kwa pointi moja. Siku hiyo Wolves walifungwa London na Crystal Palace, na Coventry wakawashinda Millwall nyumbani. Msimamo wa mwisho ulikuwa hivi. Coventry walishinda michezo 23, sare 13, wakafungwa 6, magoli 74 kwa 43, pointi 59. Wolves walishinda 25, sare 8, wakafungwa 9, magoli 88 kwa 48, pointi 58. Wa tatu Carlisle, pointi 52, na kama nilivyoeleza, wa tatu alibaki.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Wolves walishinda michezo miwili zaidi na kufunga magoli mengi zaidi, hata hivyo wakawa wa pili. Sasa, mwaka 1981 Uingereza ilibadilisha sheria, ushindi ukawa pointi tatu badala ya mbili, na baadaye dunia nzima ikafuata. Aliyependekeza na kuisukuma sheria hiyo ni Jimmy Hill mwenyewe. Chukua kalamu: kwa sheria ya pointi tatu, Coventry wa 1967 wangekuwa na 82 na Wolves 83. Kwa sheria yake mwenyewe Hill asingeuona ubingwa ule! Timu zote mbili zingepanda vilevile, lakini kombe lingekwenda kwa jirani. Nimeifanya hesabu hii mara tatu kwa sababu sikuamini.

BAADA YA KUPANDA

Agosti 1967, siku chache kabla ya mchezo wa kwanza wa daraja la kwanza, Hill akatangaza kuondoka. Aliomba mkataba mrefu, wenye klabu hawakukubali, akaenda kufanya kazi ya televisheni. Mtu aliyekuwa amepigania mikataba ya wengine alijua thamani ya mkataba wake. Watu wa Coventry walihuzunika. Katika wiki zile zile za mwanzo nahodha Curtis akavunjika mguu. Kila mtu alisema timu itashuka mara moja kama Northampton. Haikushuka. Ilikaa daraja la juu miaka 34 mfululizo, mpaka 2001, mara nyingi ikiponea kwenye tundu la sindano, na mwaka 1987 ikachukua Kombe la FA kwa kuwafunga Tottenham 3-2, Curtis akiwa mmoja wa wakuu wa timu.

Hill alirudi Coventry mwaka 1975 kama mkurugenzi. Na hapa sifa zangu kwake zinasimama. Mwaka 1982, wakati Afrika Kusini ilikuwa imefukuzwa na FIFA kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, Hill alishiriki kupeleka timu ya wachezaji wa kigeni kucheza huko kwa pesa za kampuni ya pombe. Alijitetea kwamba mpira utawakutanisha watu. Vyama vya wafanyakazi vya Afrika vilikuwa vimeeleza kwa miaka mingi kwa nini tunasusia, na mwenyekiti wa zamani wa chama alipaswa kuelewa maana ya kuvunja mgomo wa wengine. Klabu za wachezaji weusi zilikataa kucheza na timu ile, na ziara ikakatishwa kabla ya kwisha. Wale waliokataa walihitaji pesa kuliko yeye.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba Coventry City ilikuwa timu ya kwanza ya Kiingereza ya Steve Mokone, mweusi wa Afrika Kusini, aliyefika huko mwaka 1956. Mwaka huo huo timu ya Uganda ilizuru Uingereza, wachezaji wakicheza bila viatu. Mokone alipewa michezo michache tu, akaondoka akaenda Uholanzi, na huko wakamwimba.

Hill alifariki Desemba 2015. Kiwanda cha Banner Lane kilifungwa miaka ya mwanzo ya 2000. Highfield Road ilivunjwa baada ya timu kuhamia uwanja mwingine mwaka 2005, na sasa ni nyumba za kuishi.

Kabla uwanja ule haujaachwa, mwaka 2004, alifika mjini Coventry mtoto mkimbizi kutoka Bujumbura, Burundi, mzaliwa wa 1993, jina lake Gaël Bigirimana. Inasimuliwa kwamba siku moja alitumwa dukani kununua maziwa, akapita mahali vijana wa Coventry City walipofanyia mazoezi, akamwomba kocha amjaribu. Akakubaliwa. Msimu wa 2011-12 alikuwa katika kikosi cha kwanza, daraja la pili, na alichaguliwa kuwa kijana bora wa daraja lile, ingawa timu yenyewe ilishuka. Newcastle ikamchukua. Yeye mkataba wake ulipokwisha aliondoka kwa miguu yake, hakuna aliyemshikia karatasi. Alichezea Burundi katika fainali za Afrika za 2019, na mwaka 2022 akatia sahihi Dar es Salaam, kwa Yanga.